Moshi wa maganda ya korosho nao ni kazi ya chama cha wafanyakazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nisemee jambo ambalo huku Mtwara naona tunalikwepa sana, nalo ni vyama vyetu vya wafanyakazi kukaa mbali na mambo ya mazingira kama vile mazingira ni ya NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa serikali, na watu wa miradi tu. Mi nabangua korosho kiwandani, jina la kiwanda naliacha, na ni mwanachama wa tawi letu, nakatwa ada kwenye mshahara kila mwezi na wala silalamikii kukatwa. Ninacholalamikia ni kwamba kila tukikaa kikao tunaongea nyongeza, pesa ya likizo na fulana za Mei Mosi, basi tumefunga. Fulana za mwaka huu zilikuwa nzuri kwa kweli, ila kuhusu moshi hakuna aliyesema neno.

Kwa wasiojua niwaeleze. Korosho ghafi ukiibangua, kiini unachopata ni kama robo tu ya uzito, kinachobaki kikubwa ni ganda, na lile ganda lina mafuta ndani yake, meusi, mazito, makali, yakikugusa yanaunguza ngozi inababuka inakuwa nyeusi halafu inachubuka. Akina mama utawaona asubuhi wanajipaka majivu mikononi au mafuta ya nyonyo kabla hawajashika korosho. Glavu zipo, sitasema uongo, zinaletwa, lakini zikishatoboka kupata nyingine ni kesi, na hata zikiwa mpya wengi wanazivua wenyewe sababu zinawachelewesha na wao wanalipwa kwa kilo. Alafu meneja anasema vifaa nimewapa hawavai, na kweli hajadanganya! Kwahiyo ile glavu ukiifuatilia utakuta mwisho wake ni bei ya kilo, na bei ya kilo anajadili nani kama siyo chama?

Sasa yale maganda yanaenda wapi. Mengine yanaingia kwenye boila, lile tanuru la kuchemshia mvuke wa kiwanda, mengine yanarundikwa nyuma ya uzio na jioni yanachomwa hivyohivyo mabichi na mafuta yake. Ule moshi usiufananishe na wa kuni, unawasha macho, koo linakwaruza, ukianika nguo unazianua zina harufu hata ufue mara ngapi. Mvua ikinyesha lile rundo linatoa maji meusi yanatiririka kuelekea bondeni ambako watu wana visima vya kienyeji. Na anayeuvuta moshi huo wa kwanza ni sisi tulioko zamu, wa pili ni mtaa wa nyuma, ambao ukihesabu nyumba kwa nyumba ni sisi walewale maana ndo tumepanga huko. Meneja anakaa Shangani kwenye upepo wa bahari, mwache.

Nikalisema hili kwenye kikao. Katibu wetu, ambaye ni mtu mzuri na ametupigania sana kwenye overtaimu, akanijibu, "Dada, hayo peleka NEMC, sisi tukianza na moshi watafunga kiwanda na watu watarudi nyumbani." Watu wakapiga makofi. Na siwalaumu, huku kusini tunajua kiwanda kufungwa maana yake nini. Vile viwanda vya korosho vya serikali vilivyojengwa miaka ya 70 na 80 vingi vilikufa, vingine vikageuzwa maghala, wazee wetu wakarudi kushika jembe. Mtu aliyeona hayo ukimwambia habari ya hewa safi anakuona umeshiba.

Lakini hebu tuangalie hesabu yenyewe. Yale mafuta ya ganda ni mali jamani. Yanakamuliwa kwa mashine, yanauzwa, yanatengenezewa rangi na breki za magari, India na Vietnam wanafanya biashara hiyo kubwa tu, na ganda likishakamuliwa ukilichoma moshi wake unapungua ukali. Kwahiyo tunapodai maganda yasichomwe mabichi hatudai kiwanda kifungwe, tunadai mwajiri asichome pesa yake mwenyewe machoni kwetu. Hoja kama hiyo anayeweza kuifikisha mezani ni chama. NEMC anakuja siku moja, anaandika ripoti, anapiga faini au hapigi, anaondoka, sisi tupo pale kila siku na tunajua moto unawashwa saa ngapi na nani katumwa kuuwasha.

Kuna watakaosema sheria hairuhusu chama kuingilia. Hairuhusu wapi! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatupa haki ya kujadiliana na mwajiri, na mkataba wa hali bora, yaani yale makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, ukishasainiwa unawabana wote wawili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka wafanyakazi wawe na wawakilishi wa usalama na afya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 4 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, sasa mimi nikivuka geti la kiwanda saa moja asubuhi naacha kuishi Tanzania? Alafu Juni 2022 mkutano mkuu wa ILO, Shirika la Kazi la Kimataifa, kule Geneva ulipitisha kwamba mazingira salama na yenye afya kazini yawe haki ya msingi, yaani imepandishwa imekaa ngazi moja na haki ya kujiunga na chama na kukatazwa ajira za watoto. Viongozi wetu wa juu hayo wanayajua vizuri kabisa, tatizo hayashuki kuja kwenye tawi.

Na wala siyo mambo mapya duniani. Kule Brazil alikuwepo Chico Mendes, mgema wa utomvu wa mpira, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa vijijini pale Xapuri, ambaye yeye na wenzake walikuwa wanaenda kusimama mbele ya wakata miti kwa sababu msitu ukiisha na kazi yao imeisha. Walimuua Desemba 1988. Sydney mwaka 1971 chama cha mafundi ujenzi kilikataa kujenga majumba kwenye kipande cha pori kinaitwa Kelly's Bush baada ya akina mama wa mtaa ule kuwaomba, na wale mafundi walikuwa wanaikataa kazi iliyokuwa inawalisha, sisi hatujaombwa kufika huko. Kile kipori kipo mpaka leo.

Tusiishie kwenye korosho. Bandarini pale Mtwara makaa ya mawe yanashuka kwa malori kutoka Ruvuma yanapakiwa melini, ukipita siku ya upepo unajua mwenyewe, na serikali yenyewe imeliona maana ile bandari ya Kisiwa Mgao inasemwa ni kwa ajili ya shehena chafu, makaa na saruji. Sawa, ila bandari ikihamishwa vumbi linahama na wapakiaji wake, na lazima mtu aulize mapema kule wafanyakazi watavaa nini, makaa yatamwagiwa maji au yatafunikwa, watapimwa mapafu kila baada ya muda gani. Maswali hayo chama cha bandarini kiyaulize saivi.

Kuna kitu kingine kinaniuma. Wengi wanaobangua ni vibarua wa msimu, siyo wanachama, hawakatwi ada, kwahiyo kwenye mkataba hawamo. Moshi haukagui kadi ya uanachama. Tukiandika kipengele cha moshi na maji machafu kwenye mkataba kinawafaidisha hata hao, na mi naona hapo ndo chama kingepata wanachama wapya bila kugawa kofia hata moja, maana mama aliyeungua mikono akiona tawi limeleta glavu na sehemu ya kunawia hutamwambia mara mbili ajiunge.

Kuna mzee mmoja kazini ananitania eti nianzishe chama cha miti. Sawa mzee wangu. Lakini huyohuyo mwaka 2013 alikuwa barabarani anaandamana kwamba gesi haitoki Mtwara, leo bomba linatoka Madimba mpaka Dar na sisi boila letu linakula magogo na maganda. Hilo nalo lingefaa kuulizwa na chama, gesi ya Mnazi Bay, inayochimbwa hukuhuku Mtwara, kufika viwandani kwetu inahitaji nini na ni gharama ya nani, badala ya kuacha waulize wanasiasa wakati wa kura tu.

Ninachoomba kwa viongozi wetu wa mkoa na kanda ni hiki. Mkataba wetu wa hali bora unaenda kujadiliwa upya kabla ya minada ya korosho kuanza Oktoba. Wekeni humo kwamba maganda mabichi hayachomwi ndani ya eneo la kiwanda, kwamba glavu zinabadilishwa zikitoboka bila kukatwa mtu, kwamba bei ya kilo inazingatia muda wa kuvaa vifaa, na kwamba yule mwakilishi wa usalama anachaguliwa na sisi, asiwe tena mpwa wa msimamizi. Pia tawi lipewe nakala ya ripoti ya ukaguzi kila wakaguzi wakija, maana mpaka leo tunaona gari linaingia, linatoka, imeisha hiyo. Mapendekezo tumeshayaandika kwenye daftari, wanachama wametia saini, tunasubiri tu mtu wa kanda atuambie anakuja lini kuyachukua.

Mbanguaji wa korosho,
Mtwara