YAH: DAWA YA MWANI ILIYOUA VIUMBE KWENYE TANGI LANGU LA MAJI YA CHUMVI

Mikocheni,
Dar es Salaam.
17 Februari 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilimwita fundi wenu kwa ajili ya mwani tu: ule wa kijani, mrefu kama nywele, uliokuwa umefunika mawe na kuanza kuziba mdomo wa pampu. Hakupima maji. Alitoa kichupa kisicho na lebo, akamimina vifuniko kadhaa, akasema, "Mama, hii haidhuru kiumbe chochote." Kulipokucha konokono wote walikuwa chali mchangani, na kamba wangu wawili wenye mistari myekundu wamekakamaa nyuma ya jiwe. Samaki walinusurika.

Nilipompigia simu ndipo akataja kwamba dawa ile ni ya shaba. Shaba hutumika kutibu samaki wenye madoa meupe, tena kwenye tangi la pembeni, kwa kuwa kiwango ambacho samaki anakivumilia kinaua konokono, kamba na matumbawe. Watengenezaji huliandika onyo hilo kwenye chupa. Nataka kujua lebo ya chupa ile aliibandua nani.

Na hao konokono ndio waliokuwa wakila mwani! Sasa umeanza kuota upya, wa kuula hayupo, na siwezi kuweka wengine kwa sababu shaba hunata kwenye mawe na mchanga, kisha ikarudi majini kidogokidogo.

Chanzo chenyewe hamkukigusa. Mwani unalishwa na virutubisho vilivyoyeyuka majini, yaani naitreti na fosfeti. Natumia maji ya kisima, na mlilijua hilo mliponiuzia mtambo wa kuchuja. Leo kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, vikiwemo virutubisho hivyo) kwenye maji yanayotoka mtamboni kinasoma 180, wakati maji ya kuchanganyia chumvi yanatakiwa yasome 0 au karibu na hapo. Resini, yaani chembe za mtamboni zinazonasa vitu hivyo, imebadilika rangi yote, yaani imekwisha nguvu, ilhali risiti zenu za EFD zinasema "kubadilisha chujio". Mlibadilisha lipi? Kila nikifidia maji yaliyovukiza, naongeza chakula cha mwani.

Ofisini kwenu nilijibiwa nipunguze taa. Taa zangu huwaka kwa saa 8 tu kwa siku, na tangi halipigwi na jua.

Naomba mnipe kwa maandishi jina la dawa iliyotumika, mnirudishie malipo ya ziara ile, na mfunge membreni (utando wa kuchujia) na resini mpya bila gharama. Mlete pia makaa ya kuchujia na chumvi ya kutosha kubadilishia maji hadi kipimo cha shaba kisome sifuri. Konokono na kamba mtanilipa baada ya hapo, si kabla, maana wakiwekwa sasa watakufa vilevile. Yule kijana msimfukuze. Ana adabu, ila mmemtuma kazini bila kumfundisha.

Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani (FCC).

Nimeambatanisha nakala za risiti, picha za tangi na picha ya kipimo.

Mteja wenu,
(sahihi)