Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wafugaji wa Kondoo, Uyui, Mwaka 2024/2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mliotoka Goweko, Upuge na Ilolangulu, mwangaluka. Kwa niaba ya kamati tendaji nawashukuru kwa kuja, maana najua wapo walioacha mpunga haujamalizika kupurwa.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nimekuja na jambo moja lililonikosesha usingizi mwaka huu: wanakondoo wanaokufa kabla ya kutimiza siku tatu. Tumezoea kuhesabu majike zizini tukaridhika. Jike anayezaa kila mwaka na mtoto akafa kila mwaka anakula majani yetu bure. Kipimo chake ni kilo za watoto anaowafikisha kuachishwa kunyonya.

Naanza na kosa langu. Mwezi Mei jike wangu alizaa mapacha malishoni, jua linazama. Kijana wangu akawabeba begani, akawahi giza. Mama akafuata hatua chache, kisha akarudi pale alipozalia, kwa sababu harufu ya maji ya uzazi ilibaki pale chini. Tulimrudisha kwa shida, nikawaingiza wote katika zizi lililojaa. Asubuhi nikakuta jike mwingine, mimba yake imekaribia, amemchukua pacha mmoja na anamnyonyesha. Siku ya pili akazaa wa kwake, na dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ilikuwa imekwisha kunyonywa. Mtoto huyo alikufa. Pacha aliyebaki kwa mama yake alikufa pia, kwani mama alikuwa akihangaika kumtafuta mwenzake. Kijana hana lawama. Sikuwahi kumfundisha.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza sana. Siku za kawaida kondoo huchukia harufu ya maji ya uzazi. Saa ya kuzaa inapofika, anayapenda. Mtoto anapopita na kutanua njia ya uzazi, ubongo wa mama humwaga homoni ya oksitosini, na hapo ndipo anapokuwa tayari kumpokea. Hulamba, na huku ananguruma taratibu mdomo ukiwa umefungwa, sauti ambayo mtoto huishika mapema. Ndani ya saa mbili hivi huwa ameshajua harufu ya mwanawe, na mtoto wa mwingine akisogea humpiga kichwa. Utayari huo hudumu saa chache tu. Tukimtenga na mtoto wake saa hizo, huenda asimpokee tena, hasa akiwa ni uzao wake wa kwanza.

Watafiti wa Australia waliochunguza kondoo aina ya merino waliona kuwa mama anayebaki mahali alipozalia kwa muda wa saa sita au zaidi huokoa watoto wengi, hasa mapacha. Kwetu kuna fisi na mbweha, kwa hiyo siwaambii mlaze mzazi porini. Nasema hivi: jike aliyekaribia kuzaa asiende mbali, na akizaa malishoni apewe nafasi ya kulamba mpaka mtoto asimame na kunyonya. Ikibidi kumbeba, mtoto abebwe chini, karibu na pua ya mama, mchungaji akitembea polepole. Nyumbani waingie kijizizi chao peke yao. Fito na kamba vinatosha.

Mtoto wa kondoo hapati kinga yoyote tumboni. Yote iko kwenye dang'a, na baada ya siku moja utumbo wake haupitishi tena kinga hiyo. Mwenye kilo mbili na nusu anahitaji kama mililita 125 mapema kabisa, yaani nusu kikombe cha chai. Mama akikosa, kamulia ya kondoo mwingine aliyezaa siku hiyo, au ya mbuzi.

Lakini mama mwenye njaa hawezi haya. Sehemu kubwa ya uzito wa mtoto hujengeka katika wiki sita za mwisho za mimba, na mimba yenyewe ni miezi mitano. Jike aliyekonda hutoa dang'a kidogo na nzito kama gundi, na huondoka upesi kutafuta majani, mtoto akiwa hajasimama. Ndiyo maana tulikubaliana madume yaachiwe mwishoni mwa Novemba, majani mapya yakichipua, ili uzazi uje kuanzia mwishoni mwa Aprili. Waliofuata wamekuwa na majike yenye maziwa. Wengine waliacha madume mwaka mzima, na watoto wao wa Oktoba walizaliwa wakati ardhi ni vumbi tupu.

Ngitili ya pamoja, yaani malisho tuliyoyatenga kwa ajili ya kiangazi, tulishindwa kuilinda. Ililishwa mapema, na kamati inabeba lawama hiyo. Mwaka huu kila mwenye karanga atunze majani yake makavu juu ya kichanja kwa ajili ya wenye mimba.

Kuhusu kuchagua majike, New Zealand tangu miaka ya 1980 hupima mama kwa umbali anaokimbilia unapomshika mtoto wake. Anayebaki jirani yako akinguruma ndiye wa kutunzwa. Tabia hii hurithiwa kidogo tu, hivyo msitegemee kila binti awe kama mama yake. Ila anayetelekeza uzao wa pili tena akiwa ameshiba, apelekwe mnadani hata kama amenona. Nimempeleka wangu mmoja, niliyempenda.

Mizani ya kuning'iniza tuliyonunua ipo kwa katibu na itazungukia vijiji kwa zamu. Baada ya chakula tutapanga zamu hizo. Naomba kila mmoja aje na daftari lake, na aliye na mchungaji mdogo amlete, nataka kuzungumza nao wenyewe.