Kodi ya majengo kwenye LUKU: anayelipa ni mpangaji

Mhariri, naomba nafasi niongelee hii kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, maana huku mtaani watu wanalipa na wengi hata hawajui wanalipa nini. Ilianza kukatwa Agosti 2021 kwa buku, yaani shilingi 1,000, kwa mwezi, 2023 wakapandisha ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa za mjini 90,000 kila sakafu. Mama ntilie akinunua umeme wa 2,000 mwanzo wa mwezi anabakiwa na wa 500, na hapo VAT bado, na akiruka miezi miwili bila kununua anakuta deni linamsubiri.

Sheria inasema mlipaji ni mwenye nyumba. Sasa mita iko mlangoni kwa mpangaji, nani anakatwa? Ukimwomba baba mwenye nyumba apunguze kwenye kodi ya chumba anakujibu umeme si unautumia wewe, basi yameisha, utafanyaje na hujaandikishana naye popote.

Kinachoniuma zaidi ni hesabu yenyewe. Nyumba ya Mbagala yenye bati la kutu inalipa 18,000 na jumba lisilo la ghorofa la Masaki lenye swimingi puli na jenereta nalo 18,000 hiyo hiyo, haki iko wapi hapo? Sheria ya miji ya 1983 ilitaka majengo yathaminiwe, kila mtu alipe kulingana na thamani. Nakubali uthamini ni gharama na LUKU imerahisisha kukusanya, ila wangeweka hata madaraja kwa maeneo, Masaki na Oysterbay wasilingane na Mbagala.

Halafu hela inaenda Hazina kwanza. Mtaro ukiziba tukienda serikali ya mtaa tunaambiwa hawana fungu, na taka tunamlipa kijana wa mkokoteni kwa hela nyingine kabisa. Tunaomba kila kata ibandike ubaoni kodi ya majengo iliyorudi ni shilingi ngapi na imefanya nini.

Na wazee wa miaka 60 na kuendelea wamesamehewa kwa nyumba wanayoishi wenyewe isiyo ya biashara, lakini wengi bado wanakatwa kwa kutojua, wenyeviti wa mitaa watangazieni jamani, hata msikitini na kanisani.

Mpangaji, Mbagala, Dar es Salaam