Mwiba wa tafi na ukoo wa mbuta

Mkomani, Lamu
Jumapili, baada ya magharibi

Ndugu yangu Swaleh,

Assalam aleikum. Huku hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa hiki kidole changu cha shahada, ndicho kilichofanya mwandiko wangu uwe kama nyayo za kaa. Usicheke. Juzi nilitia mkono ndani ya dema bila kutazama, kama mtu asiyezaliwa pwani, na tafi aliyenaswa humo akanipa haki yangu kwa mwiba wake. Ule moto ulipanda hadi kwapani. Mama akanichemshia maji, akayaacha yapoe kidogo hadi pale pa kuvumilika tu, nikatumbukiza mkono humo. Sumu ya tafi haiwezani na joto. Nilikaa hapo nikinung'unika, naye mama ananiuliza kama hii ndiyo elimu yangu ya miaka yote.

Nilipopata nafuu nikamtaka tafi yule yule. Si wa kumla, wa kumhesabu. Nikamtokosa, nikamlaza kwenye sinia. Mgongoni miiba 13. Pezi la chini, nyuma ya tumbo, miiba 7, na wewe wajua changu hapo ana 3 tu. Halafu mapezi mawili ya tumboni: kila moja lina mwiba mbele na mwiba nyuma, na katikati njiti 3 laini. Hakuna ukoo mwingine wa samaki wenye mpango huo. Jumla 24. Nikapapasa tena mbele ya pezi la mgongo, nikakuta mwingine mdogo umelala chini ya ngozi, ncha yaelekea kichwani. Silaha zote hizo za nini kwa mla mwani?

Sasa nakujia. Uliponipigia simu mwezi uliopita ulilalamika kwamba huko Kisumu wakulisha mbuta na ngege, hao samaki wa ziwani, mpaka umechoka, ukaniuliza kama hao nao wana udugu na samaki wetu au ni tope lenye magamba. Nilicheka, nikakata simu bila kukujibu. Lakini swali lilinikaa, na tafi ndiye aliyenisukuma kulitafutia jibu.

Anza na pezi. Siku ukila ngege, usilitupe pezi la mgongo. Chukua njiti moja ya nyuma, zile laini, uibane kwa kucha: itapasuka katikati kwa urefu, vipande viwili pacha, na kila kipande kimeungwa pingili kwa pingili kama muwa. Kisha chukua mwiba wa mbele. Huo haupasuki wala hauna pingili. Ni mfupa mmoja mzima. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo iliyowapa jina samaki wenye miiba ya kweli mapezini. Ngogo usimtie humo hata akikuchoma vipi. Mwiba wake ni njiti laini ambayo pingili zake zimegandamana zikawa ngumu. Omena pia hamo, huyo ni laini mwili mzima.

Aliyewapa jina hilo ni Msweden mmoja, Peter Artedi, swahiba wa Linnaeus, yule mpanga majina ya viumbe, tangu wakiwa wanafunzi. Waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenziwe atamalizia kazi yake. Mwaka 1735, usiku, Artedi akirudi kutoka kwenye chakula cha jioni huko Amsterdam, alitumbukia mferejini akafa maji, umri wake miaka 30. Mtu wa samaki kufa maji! Linnaeus akazigomboa karatasi zake, akazichapisha Leiden mwaka 1738, na humo ndimo mlimokuwa na Akanthopterigii, yaani wenye mapezi ya miiba. Nawe nikitangulia, yale madaftari yangu yako chini ya kitanda.

Baada yake wataalamu wakaharibu mambo, hiyo ni rai yangu. Kila mwenye mwiba waliyeshindwa kumpa kwao walimtupa kwenye kapu moja, la jamii ya sangara, hadi kapu likawa na aina zaidi ya 10,000. Humo mlikuwa na changu, tewa, pono, tafi, jodari, ngege, na huyo mbuta wako. Hiyo siyo nasaba, ni soko la jioni. Walipoanza kusoma vinasaba, na hasa tafiti za mwaka 2013, kapu likamwagwa.

Hapo ndipo nilipogombana na ami yako barazani. Yeye ashikilia kwamba sulisuli na jodari ni ndugu wa tumbo moja: wote wa maji makuu, wote wana mbio, mkia mmoja. Nikamwambia, ami, sivyo. Jamaa wa sulisuli ni kolekole na mzia, na gayogayo yule anayelala mchangani macho yote upande mmoja. Jodari yeye yuko karibu zaidi na farasi wa bahari. Akanyamaza, akamimina kahawa, akanitazama vile anavyomtazama mtalii anayeuliza bei ya punda. "Nenda kasome tena," akasema.

Nilimpata kwa chazo tu. Chazo yumo katika ukoo huo huo wa sulisuli, na ndugu yake wa karibu ni songoro. Ami mwenyewe alishawahi kutuhadithia wazee wa Kibajuni walivyokuwa wakimfunga kamba mkiani na kumwachia aende akamgande kasa. Nikamuuliza, ile sahani ya utosini anayogandia ni kitu gani? Akasema ni mdomo wa pili. La, ni pezi la mgongo, lile la miiba. Limesogea mbele hadi kichwani, na miiba imelala, ikapanuka, ikawa zile fito unazoziona zimepangwa kama mbao za jalbuti. Aliigeuza hiyo mara mbili tatu akilini, kisha akaagiza kahawa nyingine, na safari hii alinilipia.

Basi mbuta wako. Watanzania humwita sangara, lakini katika mpango mpya ametolewa kwenye jamii ya sangara wa Ulaya. Tewa wetu kabaki humo, mbuta hayumo. Yeye kahamia upande wa mzia, kolekole na sulisuli. Kwa hiyo unapomla huyo aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, wamla binamu wa samaki ambaye Wazungu huja Malindi na mashua za bei kubwa kumfukuza. Ngege naye ana jamaa huku: mkizi, na chuchunge mwenye mdomo kama sindano ya gunia. Kwa sura huwezi kuwadhania. Mimi mwenyewe niliisoma mara tatu.

Kwa ujumla wao wenye miiba, pamoja na waliokwisha kuipoteza kama bunju, wapita aina 18,000. Karibu theluthi ya wanyama wote wenye uti wa mgongo walio hai leo, ndege na watu humo humo.

Nataka unifanyie kazi moja. Nihesabie miiba ya mgongo ya ngege watatu tofauti, uniandikie. Mimi nimesoma kwamba huwa 16 hadi 18, lakini ami yako ataka kusikia kutoka kwako, asema wewe ndiye mwenye akili kati yetu. Na ukija Idi, niletee pezi la mbuta mkubwa, lililokaushwa vizuri. La mara ile lilinuka basi zima hadi Mokowe.

Mama akusalimu, kidole nacho kinakusalimu.

Nduguyo,
Athman