Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: anayewekewa njiti awe na uhakika wa kuondolewa

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kampala.

Tunaokuandikia ni wakunga wa vituo vya afya vya magombolola (kata) na wachambuzi wa takwimu za uzazi. Mabango ya kuwahimiza wananchi wazae kwa mpango yapo ya kutosha. Hatuji kuomba mengine. Tunakuja kuomba kwamba anayewekewa njiti, yaani kijiti cha kuzuia mimba kinachokaa chini ya ngozi ya mkono, aweze pia kuondolewa anapotaka.

Utafiti wa taifa wa 2000-01 ulionyesha kuwa mwanamke wa Uganda huzaa wastani wa watoto 6.9. Mwaka 2011 wastani ulikuwa 6.2, na 2016 ukawa 5.4. Wengi wakaamini utazidi kushuka wenyewe. Utafiti wa 2022 ukaleta 5.2. Yaani kwanza tulipunguza 0.8 kwa miaka mitano, kisha 0.2 kwa miaka sita. Jirani zetu Kenya walikwama vivyo hivyo: 4.7 mwaka 1998, 4.9 mwaka 2003. Sababu hazikuwa moja, lakini mojawapo ni kwamba fedha na macho ya wakubwa vilihamia kwenye UKIMWI, dawa za uzazi wa mpango zikawa zinakatika vituoni. Baadaye waliamka, na mwaka 2022 walikuwa 3.4. Sisi tumekwama, halafu mwaka 2025 Marekani ikafunga shirika lake la misaada, USAID, mmoja wa wafadhili wakubwa wa huduma hii.

Wapo wanaosema wanawake wetu wanataka watoto wengi. Wako wanaowataka, na hiyo ni haki yao. Lakini takriban mke mmoja kati ya watano angependa kupumzika au kuacha kuzaa, na hatumii njia yoyote. Wengine walishatumia wakaacha. Hao ndio tunaowapoteza, na ripoti zinazosifu idadi ya wateja wapya haziwaoni.

Chukua njiti. Kuiweka ni kazi ya dakika chache: ganzi kidogo, sindano yake maalumu, ngozi ya ndani ya mkono wa juu, basi. Kulingana na aina, hukaa miaka mitatu hadi mitano. Kuiondoa kunataka zaidi: lignokeini (dawa ya ganzi), wembe wa upasuaji uliotakaswa, koleo dogo lililopinda, glavu safi, bandeji, na mtu aliyefundishwa. Ganzi ichomwe chini ya ncha ya kijiti. Ikichomwa juu yake, ngozi huvimba na kijiti hakipapasiki tena. Kisha chale ya milimita mbili, kijiti kinasukumwa kwa kidole hadi ncha itokeze, kinakamatwa. Kikiwa kiliwekwa kwa kina kikafika kwenye msuli, mkunga asichokonoe: mama apelekwe penye mashine ya picha ya mawimbi ya sauti.

Kinachotokea ni kwamba njiti hufika kituoni, ganzi na koleo havifiki. Au timu ya kutembelea huja Jumanne, huweka njiti kijiji kizima, huondoka. Miezi mitatu baadaye mama anatoka damu bila mpangilio (jambo la kawaida, ila hakuna aliyemweleza) na anataka iondolewe. Anaambiwa arudi wiki ijayo, kisha aende hospitali ya wilaya, kwa nauli yake. Akifika nyumbani, jirani zake watano hawaweki tena. Halafu sisi tunaitwa kwenye semina kujadili "imani potofu".

Kuna na nafasi nyingine inayopita bure kila siku: wodi ya wazazi. Kitanzi cha shaba, kinachozuia mimba kikiwa ndani ya mji wa mimba, huweza kuwekwa ndani ya dakika kumi baada ya kondo kutoka, au ndani ya saa 48. Njiti nayo huwekwa kabla mama hajaruhusiwa, hata akinyonyesha. Sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu kwa anayenyonyesha isubiri wiki sita, na wiki ya sita ndipo mtoto anarudi kwa chanjo, kisha ya kumi na ya kumi na nne. Mama yuko mbele yetu, kadi ya mtoto mkononi, na chumba cha uzazi wa mpango kimefungwa kwa sababu "siku yake ni Alhamisi".

Kuhusu wasichana, asilimia 24 ya wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba mwaka 2022, karibu ileile ya 2006. Hapo wizara yako peke yake haiwezi. Mwenzako wa elimu anahusika zaidi.

Tunaomba mambo matatu katika bajeti itakayoanza Julai. Agiza kwamba kila shehena ya njiti iambatane na ganzi, wembe na glavu kwa hesabu ya kuweka na kuondoa, na kila kituo kiwe na seti mbili za koleo zinazoweza kutakaswa. Fedha za manunuzi ya dawa za uzazi wa mpango ziwe za serikali, zitolewe robo kwa robo bila kuhamishwa. Na mkaguzi wa wilaya akifika kituoni, swali lake la kwanza liwe: mwezi uliopita ni akina mama wangapi walikuja kuondolewa njiti, na wangapi waliondolewa siku hiyohiyo?

Wako watiifu,
Wakunga na wachambuzi wa takwimu za uzazi