Tranka limejaa, mdomo mtupu: barua ya wazi kwa wazazi na watoto wa Kidato cha Kwanza

Wazazi wenzangu, na ninyi wajukuu zangu ambao majina yenu yametoka,

Hongereni. Nalitanguliza neno hilo kwa sababu nikishaanza kusema naweza kulisahau.

Juzi nilikuwa dukani hapa Muheza kununua betri za redio. Baba mmoja alikuwa anavutana na muuzaji juu ya bei ya tranka. Aliligonga kwa ngumi, akainua mfuniko, akaufunga, akaufungua tena kusikiliza bawaba zinavyolia, kama mtu anayenunua ng'ombe. Kijana wake alisimama pembeni, miguu ndani ya viatu vipya vilivyomzidi namba mbili. Nikamsalimu, nikamuuliza amepangiwa shule gani. Akamtazama baba yake. Baba akajibu. Nikamuuliza kijana anapenda somo gani. Baba akajibu tena: "Huyu sayansi, mwalimu!" Mtoto hakutoa neno hata moja mpaka wakaondoka, tranka likiwa kichwani kwake. Nimelala na hasira hiyo, nimeamka nayo, na leo ndiyo inayoshika kalamu.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwalimu mstaafu wa Biolojia. Nilishika chaki mwaka 1985, nikaiweka chini mwaka 2019. Enzi naanza, mtoto wa kijijini akichaguliwa kwenda sekondari, habari inafika msikitini, kanisani na kilabuni kabla ya jua kuzama, maana nafasi zilikuwa za kuhesabu. Tangu MMES, mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya sekondari, ilipoanza mwaka 2004 na kata zikasukumwa zijenge shule zao, watoto wanaingia kwa mamia. Mwaka 2016 ada nayo ikaondoka, ile elfu 20 ya kutwa na elfu 70 ya bweni. Nayasifu hayo bila kinyongo. Kinachoniudhi ni sisi wazazi. Tukishapewa ile fomu ya kujiunga, tunaisoma kama orodha ya harusi: ndoo yenye mfuniko, jembe lenye mpini, fyekeo, fagio, rimu ya karatasi, godoro la futi mbili na nusu, kaunta buku za kwaya tatu. Tukishatia tiki kila mstari, tunajiona tumemwandaa mtoto. Hapo tumeandaa mzigo tu.

Nisimulie kilichonitokea Januari iliyopita, halafu mtajua kwa nini mzee huyu hatulii.

Jirani yangu, bibi mwenye miguu mibovu, aliniomba nimpeleke mjukuu wake kuripoti kwenye shule moja ya kata yenye hosteli. Shule yenyewe siitaji. Chini ya mwembe palikuwa na meza, mwalimu na foleni. Mbele yetu alikuwa mvulana mdogo wa mwili na baba yake. Kila kitu cha yule mvulana kilikuwepo, na jembe lake lilikuwa bado na karatasi ya dukani. Baba alikuwa na fahari, na ilikuwa haki yake. Mwalimu akamuuliza mtoto swali moja kwa Kiingereza, swali la shule gani ya msingi ametoka. Kimya. Baba akamsukuma begani: "Jibu basi, unaniaibisha mbele za watu!" Kisha akalipa alichotakiwa kulipa, akampa mtoto shilingi elfu tano, akapanda bodaboda akaondoka.

Baadaye kidogo nikamwona yule mvulana mlangoni pa ofisi ya walimu. Juu ya mlango palikuwa na karatasi iliyogandishwa kwa selotepu, ile ambayo kila aliyesoma nchi hii anaijua: "No English, No Service". Alisimama amebana magoti. Akasema jambo kwa Kiswahili, sauti ndogo. Mtu wa ndani akamjibu kwamba aliseme kwa Kiingereza au arudi alikotoka. Akarudi hatua tatu, midomo ikicheza, akaenda tena mlangoni. Akarudi. Mara ya tatu hakufika. Maji yakashuka kwenye suruali mpya, yakaingia kwenye soksi nyeupe, yakatengeneza kidimbwi juu ya saruji. Kwa muda hakuna aliyecheka. Halafu wakacheka.

Nilivua koti langu nikamfunga kiunoni, nikamwonyesha choo kilipo, ingawa hakikuwa na kazi tena. Njiani aliniambia: "Babu, nilikuwa naikumbuka mwanzo wake tu."

Wazazi, "May I go out?", yaani naomba kutoka, ni maneno manne. Tangu mtihani wa Septemba hadi siku ile kulikuwa na miezi mitatu na zaidi, na mtoto alikuwa nyumbani. Hakuna mtu katika nyumba ile, wala mwalimu wa shule aliyotoka, wala mimi ninayejiita mwalimu na ninaishi mtaa wenye watoto kama yeye, aliyekumbuka kumpa maneno manne.

Na kabla hamjamrushia mawe mwalimu wa ile ofisi, nikiri langu. Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa zamu mwenye sifa ya ukali, na nilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyekamatwa akiongea Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Nilimvisha binti mmoja wa Kidato cha Kwanza, mwepesi wa akili kuliko darasa zima. Alichofanya ni kumwambia mwenzake asogee. Hakunyosha mkono tena darasani muhula wote. Nilidhani nimemfundisha Kiingereza.

Tatizo lenyewe tumelitengeneza sisi wakubwa. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Muulize usanisinuru, atakueleza jani, mwanga, maji na hewa ukaa bila kumeza mate. Januari anaingia Kidato cha Kwanza, jambo lile lile linaandikwa ubaoni "photosynthesis", naye anadhani ni ugonjwa. Kani anaijua, mmeng'enyo wa chakula anaujua, uvukizi anaujua. Elimu anayo, ila imefungiwa kwenye sanduku ambalo ufunguo wake hatukumpa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Nilipoisoma nilifurahi peke yangu sebuleni. Miaka imepita na Kidato cha Kwanza bado kinasubiriwa na Kiingereza. Mimi na uzee wangu siwezi kubadili hilo kabla ya Januari, wala ninyi hamwezi. Basi tufanye linalowezekana.

Kwanza, mpelekeni mtoto siku ya kwanza. Siku ya kwanza hasa! Kuna ugonjwa wa kusema "kwani wameshaanza kusoma? Wiki za mwanzo ni kufyeka majani tu," mtoto anabaki nyumbani hadi Februari akichunga mbuzi. Zile wiki za mwanzo ndizo shule nyingi huzitumia kwa kozi ya lugha, kumvusha mtoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Anayezikosa anakuta wenzake wako ng'ambo na mtumbwi umeondoka. Kama sare haijakamilika, nendeni na sare ya msingi. Viongozi wamesema mara kadhaa watoto wapokelewe, na mkirudishwa getini, nendeni kwa ofisa elimu kata mkiwa mmemshika mtoto mkono.

Pili, hizi wiki zilizobaki. Msiniambie habari za yale madarasa ya maandalizi yanayokodi ukumbi wa harusi, watoto 120, mwalimu mmoja na kipaza sauti, wanakaririshwa mada ya kwanza ya Kemia kama shairi. Yapo mazuri, nayajua mawili. Mengi yanauza hofu. Ninachokishauri hakina gharama. Chukua kitabu cha Sayansi cha Darasa la Saba ambacho mtoto anakielewa tayari. Kila siku maneno kumi: Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, kwenye daftari la zamani lenye kurasa zilizobaki. Kama hujui Kiingereza, shika daftari, uzibe upande wa kulia kwa kiganja, umuulize. Mama asiyejua kusoma naye anaweza, maana mtoto akisita utamsikia tu.

Lakini kabla ya maneno ya sayansi, mpe sentensi za kuishi kwa Kiingereza: naomba kutoka. Naumwa. Sijaelewa, tafadhali rudia. Kuna mtu ananisumbua. Azitamke kwa sauti, jikoni, kisimani, akipalilia, mpaka zitoke zenyewe hata akiwa na woga. Mtoto mwenye sentensi hizo nne namwamini kuliko mwenye tranka jipya.

Mengine nayataja tu kwa kuwa hayahitaji mzee kuyaeleza. Fomu ya daktari ijazwe mapema, si usiku wa kuamkia safari. Cheti cha kuzaliwa kitolewe nakala, halisi kibaki nyumbani. Nguo ziandikwe jina kwa uzi, wino unafutika. Kufuli liwe na funguo mbili, moja akae nayo mtoto na nyingine mwalimu wa bweni. Chandarua. Pedi za kutosha muhula, na baba ndiye azinunue walau mara moja ili lugha ya aibu iishe nyumbani. Viatu vya namba yake! Simu hapana. Mvulana ajue kufua shati lake na kukunja shuka lake kabla hajaondoka. Miaka 34 nimeona wavulana waliokuwa wanasubiri mama aje afue.

Sasa nirudi kwenye mdomo, maana kisa cha lugha ni nusu tu.

Yule kijana wa dukani aliyejibiwa na baba yake, swali nililomuuliza lilikuwa la Kiswahili, Kiswahili cha hapa hapa kwetu, na bado hakujibu. Miaka 13 tumemfundisha kunyamaza na tukakuita huko kunyamaza heshima. Mtoto akieleza, "unajibizana." Akiuliza, "una mdomo." Akilia, "mwanaume halii." Halafu Januari tunamwacha kati ya watoto mia sita na watu wazima asiowajua, na tunategemea atasema akionewa.

Wapo wanaokwenda shule ya kutwa iliyo mbali, wazazi wakawapangia chumba jirani na shule. Wenyewe wanakiita geto. Binti wa miaka 14, jiko la mkaa, mlango wa bati, peke yake. Nauli ya kurudi nyumbani hana, kijana wa bodaboda anampa lifti leo na kesho, na keshokutwa anamnunulia chipsi. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inampeleka jela miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba, na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Vyote hivyo vinakuja baada ya jambo kutokea. Kabla halijatokea kuna siku binti alirudi nyumbani Ijumaa akataka kusema kitu, akamkuta mama ana wageni na baba anatazama mpira. Akaweka begi chini, akachota maji. Nimekaa kwenye vikao vingi vya shule na wazazi waliolia wakisema "hakutuambia." Walipoulizwa lini walimuuliza, walitazama sakafu.

Kwa hiyo msimuulize "umekuwa wa ngapi?" kila arudipo. Muulizeni anakaa na nani darasani. Nani anamchekesha, nani anamtisha, jana alikula nini. Halafu mkae kimya ninyi, kwa zamu yenu. Akisema jambo la aibu, msimwambie atawaaibisha. Na nendeni shuleni Jumanne ya kawaida ambayo hamkuitwa. Mwalimu akikujua kwa sura, mtoto wako ana mlinzi wa bure.

Nanyi wajukuu zangu, msidhani nimewasahau. Mtachekwa Kiingereza chenu. Nami nilichekwa, nilisema "he are" mbele ya shule nzima, na wapo wazee wenzangu hapa mjini wanaoniita hivyo hadi leo. Anayekucheka naye usiku anakariri. Nyosha mkono ukiwa na nusu ya sentensi, nusu nyingine mwalimu akusaidie, ndiyo kazi anayolipwa. Ukionewa, sema kwa lugha yoyote uliyonayo, hata Kibondei chetu cha nyumbani.

Walimu wenzangu, mnaoendelea na kazi niliyoiacha, najua mna madarasa ya watoto 80 na mshahara usiofika tarehe 30. Siwafundishi kazi. Ila ile karatasi ya mlangoni, naomba ishushwe kwa Kidato cha Kwanza, walau mpaka Pasaka. Kama mkuu wa shule hataki, basi pembeni yake gandisheni nyingine inayosema ruhusa ya choo na ya ugonjwa si lazima iombwe kwa Kiingereza.

Mimi nimeamua hivi. Kuanzia Jumamosi hii hadi shule zitakapofunguliwa, saa tatu asubuhi, barazani kwangu chini ya mwarobaini, nitakaa na mtoto yeyote aliyechaguliwa. Silipwi. Aje na kitabu cha Sayansi cha Darasa la Saba na daftari lolote. Mabenchi yangu ni mawili, mwenye mkeka auchukue. Mzazi anayetaka kukaa naye akae, kwa sharti asimjibie mtoto. Choo kiko nyuma ya jiko, na anayetaka kwenda aende tu, haombi mtu ruhusa.

Wenu,
Babu Mwalimu, Muheza