Ardhi ya bure, lakini kwa nani?

Mhariri,

Kila mara nasikia Marekani ikisifiwa kwamba iligawa ardhi ya magharibi kwa kila mwenye bidii. Si kweli. Sheria ya Makazi ya 1862, iliyosainiwa na Rais Lincoln, ilitoa ekari 160 kwa raia au mgeni aliyeomba uraia. Wachina waliojenga reli ya Central Pacific, wakilipua milima ya Sierra Nevada kwa baruti, hawakuruhusiwa kuwa raia. Basi, ekari wangezipata wapi? Weusi wa kusini nao walifunguliwa mlango mwaka 1866, kwa sheria nyingine ya ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa vinamasi na misitu, na mwaka 1876 sheria hiyo ya pili ikafutwa. Wacreek na Waseminole, wenyeji wa asili wa Amerika waliohamishiwa Oklahoma kwa nguvu, walishuhudia walowezi wakiingia huko mbio kugombea ardhi mwaka 1889.

Msomaji,
Morogoro